Sombe ya Mkono wa Kushoto

Nilipokuwa mtoto, kila kitu nilikifanya kwa mkono wa kushoto, na nyumbani kwetu Rusizi nilisamehewa kila mahali isipokuwa kwenye kinu cha sombe. Bibi yangu, ambaye sote tulimwita Koko, aliamini kwamba majani ya muhogo yakitwangwa kwa mkono wa kushoto hugeuka machungu, na kwamba familia inayokula sombe chungu siku ya Noeli itagombana mwaka mzima. Imani hiyo aliipokea kwa mama yake, akaja nayo kutoka Bukavu familia iliporudi Rwanda, pamoja na kinu chenyewe.

Sombe ndiyo iliyokuwa fahari yetu. Mchele uliletwa kutoka Bugarama na nyama ilinunuliwa, lakini ndugu waliovuka mpaka kutoka Bukavu walifuata sombe ya Koko, na hawakuficha.

Noeli moja bega lilimuuma Koko, akaniachia mchi kidogo, akisema labda Mungu hataangalia. Siku hiyo sombe ilitoka chungu. Wageni waliisukuma pembeni ya sahani kwa adabu. Tante Adela, dada ya baba aliyeolewa Bugarama, aliuliza nani ametwanga, na binamu zangu wote wakanitazama. Kisha, kama vile kuthibitisha jambo, baba na mdogo wake waligombania mbuzi mwaka mzima uliofuata. Kila sauti zao zilipopanda, nilikalia mkono wangu wa kushoto. Nilikuwa nimekwisha kuamini kwamba ugomvi ule ulitoka humo.

Noeli iliyofuata ilipokaribia, nilipewa kazi ya kuchambua majani tu. Tante Adela alikuwa ameshuka kwenye pikipiki asubuhi na gunia la majani kutoka shambani kwake.

“Furaha, kinu usikiguse,” aliniambia kabla hajanisalimu. “Mwaka huu tunataka kula.”

Nilichambua nikiwa nimeinamisha kichwa, ndipo nikaona kwamba vikonyo vya majani yale vilikuwa vyekundu. Majani ya Koko, yaliyotoka Gashonga, yalikuwa na vikonyo vya kijani siku zote. Vyekundu nilikuwa nimeviona mara moja tu.

“Koko,” nilisema, “hizi ni majani za mwaka ulipita.”

“Majani ni majani,” Tante alijibu. “Weye chambua.”

Koko alichukua kikonyo kimoja, akakigeuza kwenye mwanga, akateleka maji. Yalipochemka alitia konzi ya majani, akasubiri, akachovya kidole, akalamba, akatema. Kisha akaniita.

“Lamba. Kidogo tu, halafu utema.”

Nililamba. Uso wangu ulijikunja wenyewe.

“Iko buchungu, Koko.”

“Kinu imeguswa?”

“Hapana.”

“Basi ni mukono gani ilitia ule buchungu?”

Aliniuliza mimi, lakini alikuwa akimtazama Tante. Muhogo wa Tante ulikuwa ule mchungu, ambao watu hupanda kwa sababu panya na wezi hawaufuati. Majani yake hutaka kuchemshwa kwanza na maji kumwagwa, ndipo yatwangwe. Yale ya Gashonga tulizoea kuyaosha tu, na mwaka uliotangulia, Tante alipoleta ya kwake, hakuna aliyefikiri kwamba haya yalitaka kazi nyingine.

Koko aliyachemsha yote, akamwaga maji ya kijani nyuma ya jiko, akarudia tena. Kisha akanipa mchi.

“Maman,” Tante alisema, “unataka kuharibia batu yote Noeli?”

“Kama inakuwa buchungu, nitaikula yote miye peke yangu.”

Nikatwanga. Mwanzoni nilitwanga kwa woga, kama mtu anayebisha mlango wa wengine. Koko alitia vitunguu na pilipili mboga, akasema, “Twanga kama muntu aliyekula,” nami nikatwanga kweli, kwa mkono wangu, mpaka majani yakalainika kama unga uliolowa. Mawese na karanga alivitia yeye.

Kesho yake mezani wote walisubiri Tante aonje. Alikula kijiko kimoja. Akajiongezea. Akajiongezea tena, mpaka mjomba wa Bukavu akasema, “Adela, acha na bengine bale.”

“Chumvi njo ilikuwa kidogo,” Tante alijibu akiwa bado anatafuna.

“Basi rudisha sahani,” Koko alimwambia, na meza nzima ikacheka. Sufuria ilikwisha kabla ya nyama. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa juu ya meza, ukiwa na rangi ya kijani hadi kwenye kucha, na sikuuficha.

Mwaka uliofuata baba na mdogo wake waligombana vibaya kuliko zamani. Nilimkimbilia Koko nikiogopa, naye akaendelea kuchagua maharage. “Bale njo bako vile,” alisema: ndivyo walivyo.

Nimefundisha watoto miaka mingi sasa, na bado sijaona mtu mzima mwingine akifanya alivyofanya Koko: kuionja imani ya mama yake mbele ya binti yake mwenyewe, kisha kuimwaga pamoja na maji. Sikumbuki kama aliniomba radhi. Noeli zote zilizofuata alininyooshea mchi huku akiongea na watu wengine, bila kuangalia ni mkono upi uliokuja kuupokea.