Karata ya Tatu Kanisani Kibirichia

Ndugu zangu, ile aibu ya Jumapili bado inanichoma. Mimi ni mzee wa kanisa, na nilikuwa nimepewa kazi ya kuwaonya vijana wetu kuhusu kamari. Nikajiambia ni lazima nimjue adui. Basi wakati wa harambee nilikaa nyuma, vipokea sauti masikioni, nikijifunza baccarat, ile kamari ya karata, kwenye simu.

Sheria za kuongeza karata zilikuwa zimenisumbua wiki nzima. Karata zako mbili zikifika sita au saba, unabaki hapo. Zikiwa tano kushuka chini, unaongezewa ya tatu. Nikaletewa mbili na tatu.

“Tano! Ongeza!” nikasema, bila kujua nilivyopaza sauti.

Kumbe pasta alikuwa akiuliza nani atatoa viazi vya wageni.

“Mzee anatoa gunia tano, na bado ataongeza!” akatangaza.

Nikaona watu wanapiga makofi, nami nikapiga.

Mke wangu, aliyejua baridi imeunguza shamba letu lote la viazi, akauvuta waya wa vile vipokea sauti, ukachomoka kwenye simu. Simu ikabaki ikinguruma mbele ya vijana wangu: “Pole, mchezaji, umeshindwa. Ungependa kucheza tena?”