Mama, Ungoje Inje

Muntu akiniuliza kwa nini ninasoma na hii miaka yangu, ninamujibu kwamba nimekinai usingizi. Ni muchezo tu, maana usingizi ninaupenda sana. Mimi njo mupimaji wa muchele katika depo moja ya Kasuku, hapa Kindu, karibu na muto Lualaba. Alfajiri ninafungua mulango, ninasimama kwenye mizani, ninapima magunia ya wale wanaotoka Pangi wakisukuma kinga zao, baiskeli ambazo huwezi kuziona kwa mizigo. Mangaribi ninapangusa pumba kwenye nyusi, ninavaa viatu vizuri, ninaenda chuoni kusoma masomo ya biashara na usimamizi.

Darasani sisi wa mangaribi ni watu wazima. Iko polisi, iko muganga wa maabara, iko fundi wa cherehani anayesinzia kabla profesa hajafungua kinywa. Adhana ikilia, nusu ya darasa inatoka kuswali na nusu inabaki kunakili, kisha waliobaki wanatuazima maandiko yao sisi tuliokwenda kuswali, na hakuna anayenung'unika. Mwezi wa Ramadhani tunafuturu palepale juu ya meza, na wale Wakristo njo wa kwanza kunyoosha mukono. Ninawapenda sana watu hawa.

Taabu yetu ni kwamba maprofesa wakubwa hawakai Kindu. Wanakuja na ndege, wanafundisha somo la mwaka muzima kwa juma moja, asubuhi mpaka mangaribi, wanatoa mutihani, wanapanda ndege tena. Juma lile wanafunzi wa muchana na sisi wa mangaribi tunatiwa pamoja katika chumba kimoja, tunabanana.

Mwaka uliopita ikafika zamu ya hesabu ya gharama, somo ambalo ukilikosa unarudia mwaka muzima. Profesa alituma sheria yake mbele: yeye mwenyewe anaita majina asubuhi, na anayekosa kuitika mara mbili hafanyi mutihani. Nikaenda kuomba ruhusa kwa patroni wangu, muzee mwenye muzaha mwingi na ruhusa chache.

"Mama, utasoma mpaka unitoe kwenye kiti changu?"

"Kiti chako kimevunjika muguu, patroni. Nitakifanyia nini?"

Akacheka, na mimi nikajua nimeshinda. Tukapatana nifungue depo alfajiri, nipime, kisha niende zangu.

Siku ya kwanza mvua ikanyesha. Kinga za Pangi zikafika zote kwa pamoja, muchele umeloana, wenyewe wanagombana nani apimwe mbele. Kutoka pale ilikuwa ni kuwatupa. Nilipofika masomoni, majina yalikuwa yamekwisha kuitwa, nikabanwa nyuma kabisa pahali profesa haoni muntu. Niliogopa kwelikweli, ila sikumwambia muntu.

Siku ya pili nilipima mbio kama mashini. Mukulima mumoja wa Pangi, ambaye jana yake nilimutafutia pahali pakavu pa kuanika muchele wake, akaniletea kuku wa aksanti. Kukataa kuku wa muntu ni kumutukana, na nyumbani kwangu ni mbali. Nikamufunga miguu, nikamutia ndani ya kitunga, nikapanda pikipiki na kikwembe changu kipya cha kitenge kikipepea, nikafika mulangoni wakati profesa anafungua karatasi ya majina.

Sasa lazima mujue desturi ya huku kwetu. Profesa wa ndege akifika, wazazi nao wanafika. Wanavaa vizuri, wanapita kumusalimia, wanamuombea mutoto wao pointi, na mara nyingi mukono hauko mutupu. Profesa aliona mama mutu muzima, ushungi kichwani, kikwembe cha sherehe, kuku. Angewaza nini kingine?

"Mama," akasema kwa heshima kabisa, "ungoje inje. Wazazi ninawapokea masomo yakiisha. Na kuku sipokei."

Chumba chote kikaangua kicheko. Fundi wa cherehani, ambaye kwa bahati alikuwa macho, akajaribu: "Profesa, huyu mama ni..." Lakini profesa alinyanyua mukono, akasema hapendi muzazi asemewe na watoto. Fundi ana mvi kunishinda mimi. Na mimi, na huu mudomo wangu wote wa kumujibu patroni, nikasema "Aksanti, profesa," nikatoka. Heshima njo ilinitoa. Tulilelewa hivyo: mukubwa wa masomo akisema toka, miguu inatoka na kichwa kinafuata nyuma.

Nikakaa kwenye banki, kile kiti kirefu cha mbao cha inje, kitunga juu ya mapaja, dirisha limefunguliwa juu ya kichwa changu. Ndani akaanza kuita majina. Jina langu liko karibu na mwisho. Nikikosa kuitika na leo, mwaka wangu umekwenda, na mwaka mwingine patroni hatanipa. Nilitaka kucheka kama wenzangu, lakini machozi njo yalikuja, kwa sababu haikuwa mara yangu ya kwanza kuambiwa ningoje.

Wakati wa vita nilikuwa katika mwaka wa mwisho wa sekondari, upande wa biashara. Gari la moshi lilikuwa limesimama, chumvi tuliinunua kwa kijiko, na asubuhi moja mukubwa wa shule alisimama kwenye mulango akatuambia: "Murudi nyumbani. Tutawaita." Nilimwamini. Kila mwanzo wa juma nilipiga pasi shati jeupe na sketi ya buluu, nikavaa, nikakaa barazani. Mama yangu alipita mbele yangu na ungo wa muhogo. Nilingoja mpaka sketi ikakataa kufunga. Nikaanza kupima muchele, nikaolewa, nikazaa, vita ikaisha, na hakuna muntu aliyeniita. Diploma ya serikali, ile ya kumaliza sekondari, niliitafuta mwenyewe ukubwani, katika mutihani wa wale wanaojifundisha nyumbani. Yule mukubwa wa shule sina neno naye, yeye pia alikimbia. Lakini ule utulivu wangu wa barazani unanichoma mpaka leo.

Juu ya kichwa changu majina yaliendelea. Nikamusikia fundi wa cherehani anaitika kwa sauti yake ya usingizi. Kutoka kwake mpaka kwangu majina ni machache. Nikainuka. Kuku akaanza kulia ndani ya kitunga, na mimi nikaingia naye hivyohivyo.

Profesa akashusha miwani. "Mama, nilikuomba ungoje inje."

"Nimekwisha kungoja, profesa. Nimengoja tangu vita. Humu ndani sina mutoto. Mimi njo mwanafunzi."

Safari hii hakuna aliyecheka. Profesa alinitazama, kidole chake bado kwenye musitari wa karatasi. Kisha akasoma jina lililofuata, polepole, kama muntu anayeuliza njia. Lilikuwa langu.

"Niko," nikaitika, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, nikaenda kukaa mbele.