Jiwe la Fundi Nyuma ya Kanisa

Nimetengeneza misalaba ya makaburi pale Mbalizi kwa zaidi ya miaka ishirini. Kwa hiyo binti yetu alipotuambia, siku moja baada ya mahafali yake ya chuo Iringa, kwamba atatutembeza tukaone mambo ya kale, nilimwomba kitu kimoja tu: asinipeleke makaburini.

Mimi na mke wangu hatukuwa tumewahi kusafiri kwa ajili ya kutazama tu. Safari zetu zote ni za msiba au harusi. Asubuhi hiyo tulipanda mawe ya Gangilonga, tukauona mji umetandazwa mlimani, mabati mekundu na ya bluu yanang'aa, na bonde la Ruaha Mdogo chini kabisa. Mke wangu alikaa juu ya jiwe akavua viatu, akasema hashuki. Baadaye tukaingia kwenye Boma la Mjerumani, ambalo sasa ni makumbusho. Mimi nilipapasa kuta zaidi kuliko nilivyotazama vitu, mpaka mhudumu akanikoholea.

Mchana tukakodi bajaji hadi kwenye misheni ya zamani, nje ya mji. Binti alitaka tuone kanisa. Nilipoingia, nilivua kofia nikasahau kuketi. Matao ya matofali ya kuchoma yamepanda hadi shingo inauma, yanakutana juu kama vidole vya mtu anayesali, na sikuona ufa hata mmoja.

"Baba, mbona umenyamaza?" binti akaniuliza.

"Nani alijenga hili?"

"Wamisionari."

"Wangapi kati yao walishika mwiko?"

Tukatoka kwa mlango wa nyuma, na hapo hapo tukajikuta makaburini. Binti akanitazama kwa wasiwasi, akakumbuka nilichomwomba. Nikamwambia twende tu.

Bibi mmoja alikuwa anafagia majani ya mikaratusi.

"Kamwene," akatusalimu.

"Kamwene, bibi. Shikamoo."

Akaegemeza fagio, akatutembeza. Mapadri mstari huu, masista mstari ule, misalaba yote ya namna moja, majina ya ng'ambo ambayo hakuna kati yetu aliyeweza kuyatamka. Mke wangu alikuwa anapiga hesabu ya miaka. Akasimama kwenye kaburi la sista mmoja, akamshika binti mkono.

"Huyu alikuwa na umri wako," akasema. "Mama yake alikuwa wapi?"

Kisha nikamuuliza bibi kuhusu waliojenga kanisa.

"Fundi wao mkuu ni yule pale," akasema, akaonyesha kona karibu na ukuta. "Mtu wa huku huku. Jina lake limepotea. Sisi tunamwita Fundi."

Lilikuwa kaburi la mawe matupu, bila saruji. Nilipiga magoti. Kila jiwe lilichongwa kufuata jirani yake, na nilipojaribu kupitisha wembe wangu wa kuchongea penseli kwenye kiungio, haukuingia. Vibarua wake ndio waliomjengea, bibi alieleza, na waliifanya kazi hiyo kimya kimya, kwa siku nyingi. Nimejenga makaburi mengi, lakini sijawahi kuona wanaume wakimpenda mwalimu wao kiasi hicho.

Jiwe la kichwani lilikuwa limeota kuvu, kavu kama kigaga. Nilipopitisha vidole, nikahisi mabonde madogo.

"Hapa pana maandishi," nikasema.

"Hapana, baba," bibi akakataa. "Nimefagia hapa tangu nikiwa msichana. Hakuna kitu."

Nikaomba maji. Nikaliosha jiwe kwa kiganja, polepole, nisilikwaruze. Bado jua lilikuwa kali, halionyeshi kitu. Nikamwambia mke wangu avue khanga yake nyekundu ya juu. Yeye na bibi wakaitandaza juu yetu kama hema, na binti akawasha tochi ya simu, akailaza kando kabisa ya jiwe ili mwanga upite juu juu.

Vivuli vikaingia kwenye mabonde. Herufi moja, ikaja nyingine. Jina lilikuwa limeliwa na mvua, pamebaki mkia wa herufi ya mwisho. Lakini neno la chini yake lilisimama zima, limechongwa kwa tindo na mkono usiotetemeka:

ALIJENGA.

Binti alisoma kwa sauti, kisha akasoma tena. Bibi aliniachia pembe ya khanga, akachuchumaa, akafuata kila herufi kwa kidole.

"Babu yangu alimbebea matofali," akasema. "Alituambia walimwandika. Tulidhani ni maneno ya uzee."

Akainuka, akaenda haraka kuliko nilivyomdhania, akiita watu kwa Kihehe. Akatokea katekista, wakaja wanawake wawili waliokuwa bustanini, halafu wanafunzi wa shule ya jirani na mwalimu wao. Mke wangu alitandaza khanga tena na tena, binti akalaza tochi, na kila kundi lilipoinama chini ya kile kivuli chekundu, niliwasikia wanavuta pumzi, kisha wanalisoma lile neno kwa sauti.