Suruali Yenye Mapindo Matatu

Kabla mji mzima haujamwita Fundi, aliitwa Pini. Jina hilo alipewa na mzee wa pasi, na lilimkaa. Tangu amalize darasa la saba na kupelekwa kwa shangazi yake kujifunza kushona, mdomo wake haukuwahi kuwa mtupu: pini saba, wakati mwingine nane, zimebanwa kwa midomo, vichwa vikiwa nje. Ukimuuliza kitu anakujibu kwa nyusi. Shangazi alimfundisha hivyo ili mikono iwe huru. Yeye akagundua faida nyingine, kwamba mtu mwenye pini mdomoni hadaiwi maneno.

Chumba cha kushonea kilikuwa kimoja tu, kinatazama barabara. Cherehani mbili, meza ya kukatia iliyolika kingo kwa miaka ya mkasi, kioo chenye ufa uliomkata kila mteja shingoni, na stuli ya mbao ambayo mteja wa suruali hupandishwa juu yake ili pindo lipimwe sawasawa. Mlangoni, ili moshi upate pa kutokea, alisimama mzee wa pasi na pasi yake ya mkaa. Kazi yake ilikuwa kunyoosha nguo. Kuchokoza watu ndiyo yalikuwa mapumziko yake.

Mwaka Pini alipofikisha miaka kumi na sita, macho ya shangazi yalianza kuchoka. Akamkabidhi mkasi mkubwa. Mkasi ule shangazi alikuwa hajamwazima mtu yeyote, hata marehemu mume wake.

"Hili jora la kijivu ni la sare za wavulana," alimwambia. "Suruali kumi na tatu. Kitambaa kinatosha kabisa, na yale mabaki ndiyo mifuko. Ukiharibu, usije ukanitafutia sababu."

"Sawa, shangazi," Pini alijibu kwa nyusi.

Wa kwanza kuja kupimwa alikuwa mvulana mmoja mrefu, mwembamba, ambaye wenzake walimwita Mlingoti. Alikuja na mama yake, amevaa suruali iliyoishia katikati ya muundi.

"Fundi, nisaidie," mama alisema kabla hata hajaketi. "Huyu namnunulia suruali, nikigeuka nakuta kaptura."

"Mpandishe kwenye stuli," shangazi alisema, akafungua daftari.

Pini alimpima kiuno, akamsomea shangazi. Akampima paja, akamsomea. Alipopiga magoti kupima urefu wa mguu, akaona kwenye kifundo cha mguu alama ndogo nyeusi, pale mnyororo wa baiskeli ulipomng'ata siku moja na jeraha likapona vibaya. Akaisoma tepu. Akaisoma tena. Mara ya tatu alikuwa anaishika tepu tu, hasomi chochote.

"Binti," mzee wa pasi alisema, "mguu wa mtu hauongezeki kwa kutazamwa."

Mlingoti akacheka. Halikuwa cheko la dharau, lilikuwa cheko la mtu aliyezoea kuchekwa kwa urefu wake na sasa amefurahi kupata mwenzake. Basi. Ni hilo tu lililotokea, na hata leo mwenyewe hawezi kukuonyesha lingine. Lakini aliyeinuka hakuwa yule aliyepiga magoti.

Sasa, pindo la suruali pale kwa shangazi lilikuwa vidole vitatu, kwa mtoto wa tajiri na kwa mtoto wa mjane. Jioni hiyo Pini alipoweka chaki kwenye kitambaa, mkono ulipita vidole vitatu, ukaenda, ukaenda, ukasimama shibiri nzima. Akakata. Zile shibiri mbili, moja kila mguu, akazikunja kwa ndani mara tatu, kila mkunjo na mshono wake wa mkono, ili uweze kufumuliwa peke yake bila kugusa mwingine.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Kijana anayekua kwa kasi ile atamaliza mkunjo mmoja kila muhula. Suruali ikimpanda, atarudi kufumuliwa. Mihula mitatu, safari tatu. Katika safari tatu hata bubu atasema neno.

Kitambaa kilichopungua alikirudisha kwa njia yake: katika zile suruali kumi na mbili zilizobaki, kila mfuko aliupunguza vidole viwili. Nani anapima kina cha mfuko?

Mlingoti alirudi mwishoni mwa muhula wa kwanza, kama alivyohesabiwa. Pini alimwona tangu ng'ambo ya barabara na papo hapo akajijaza pini, si saba wala nane, bali kumi na mbili.

"Shikamoo, fundi. Shikamoo, mzee," Mlingoti alisalimia. "Mama amesema nije, eti suruali imeanza kuonyesha soksi."

Akapanda kwenye stuli. Pini akapiga magoti, akafumua mkunjo wa kwanza kwa ncha ya wembe. Kitambaa kikashuka, na pale kilipokuwa kimefichwa kilikuwa kijivu kibichi, wakati kwingine kote jua na sabuni zimeshakipausha. Alikuwa na sentensi moja tayari, amelala nayo wiki nzima.

"Unaweza kuongea na hizo mdomoni?" Mlingoti aliuliza.

Akatikisa kichwa.

"Hazikuchomi?"

Akatikisa tena. Mlingoti akashuka, akamshukuru shangazi, shangazi ambaye hakuwa na habari yoyote, akaenda zake.

"Leo umeongea sana," mzee wa pasi alimwambia Pini. "Pumzika kidogo, sauti isije ikakauka."

Ule muhula wa pili aliuishi kama mtu aliyekalia kaa la moto. Akishona anasimama, akisimama anakwenda mlangoni, akifika mlangoni anakumbuka uzi. Alianza kuwajua wanafunzi kwa vifundo vya miguu. Shule ikitoka, shangazi anasikia cherehani ya pili imenyamaza.

"Unatazama nini huko?"

"Mvua, shangazi."

"Mvua gani, jua lote hili?"

Usiku alijisemea maneno yote: nakupenda, hapana, hilo zito mno, nakuwaza, hapana, atauliza nawaza nini, nafurahi ukija, hilo hata mbwa wa nyumbani anaweza kulisema kwa mkia. Kila neno alilijaribu kama nguo na kulivua.

Safari ya pili aliapa hataweka pini hata moja. Mlingoti alipoingia, akazitoa zote, akazichomeka kwenye mto wa pini, akafuta midomo kwa kiganja. Akafumua mkunjo wa pili. Akainua uso. Mvulana alikuwa anamtazama kutoka juu ya stuli, na kutoka pale chini alionekana kufika darini.

"Um..." Pini alisema. "Umekua."

"Kila mtu ananiambia hivyo," Mlingoti alijibu, na alionekana kuchoka kidogo. Akashuka.

Mzee wa pasi safari hii alipuliza mkaa wake tu, na huruma ile ilimuuma Pini kuliko mzaha wote.

Ikabaki safari moja. Pini akangoja. Wiki zikaenda, muhula wa tatu ukaingia katikati, ukaanza kuinama, na Mlingoti haji. Alimwona akipita na wenzake, akatazama chini haraka: pindo limekaa palepale juu ya kiatu, kama limegundishwa. Wiki iliyofuata, palepale. Ndipo alipoelewa, na moyo ukamshuka. Kijana ameacha kukua.

Jambo hilo hakulihesabu. Alikuwa ameliweka pendo lake lote kwenye mifupa ya mtu mwingine, na mifupa imegoma.

"Yule rafiki yako naona amefika dari," mzee wa pasi alisema.

"Si rafiki yangu."

"Haya, mteja wako. Nasikia mjomba wake amempatia nafasi shule ya bweni, mbali huko, mwendo wa kutwa na kucha. Jumamosi anaondoka."

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Na siku hiyohiyo, kana kwamba haijatosha, aliingia mama mmoja muuguzi, mteja wa miaka mingi, na suruali ya mwanawe mkononi.

"Fundi, mimi si mtu wa maneno. Lakini mwanangu amepoteza ufunguo wa nyumba mara tatu mwaka huu. Nilimchapa. Jana nikatia mkono mwenyewe kwenye huu mfuko." Akatia vidole, vikaishia kwenye fundo la pili. "Huu ni mfuko au ni mkunjo wa shati?"

Shangazi alikuwa ameshawafukuza akina mama wawili kabla ya huyu, akiwaambia watoto wao wana mikono mikubwa. Muuguzi hafukuziki. Shangazi akaipokea suruali, akaugeuza mfuko nje, akaupima kwa kidole. Akaomba radhi, jambo ambalo watu wa pale walikuwa hawajalisikia. Muuguzi alipoondoka, akatandika suruali juu ya meza, akachukua chaki, akaanza kuchora upya jora lote juu ya meza: suruali hii hapa, hii hapa, mabaki haya hapa. Alichora mpaka mwisho na hesabu ya kitambaa haikukubali. Akamgeukia Pini, ambaye alikuwa na pini kumi mdomoni na macho kama ya mbuzi aliyeona kisu.

Shangazi alinyoosha kiganja. "Tema."

Pini akatema moja.

"Zote."

Akazitema moja moja kwenye kile kiganja, na kila moja ililia kidogo ilipogonga mwenzake.

"Kitambaa changu kiko wapi?"

"Kwenye... kwenye mapindo."

"Mapindo ya nani?"

"Ya Mlingoti."

Mzee wa pasi aliinua pasi kutoka kwenye shati la watu kabla halijaungua.

"Kwa nini?" shangazi aliuliza. Pini akatazama sakafu. Shangazi alikuwa mwanamke mkali, lakini naye aliwahi kuwa na miaka kumi na sita, na kimya cha namna ile alikijua. "Ahaa. Na mwenyewe anajua?"

"Hajui."

"Yaani umewapunja watoto wa watu mifuko, umenitia aibu mbele ya muuguzi, mtoto wa watu amechapwa, na mwenyewe hajui?"

"Nilikuwa nimwambie muhula huu."

"Kesho," shangazi alisema, "unakwenda kwao na mkasi. Mkunjo uliobaki ni kitambaa changu. Unaukata, unaniletea, tunaanza kurefusha mifuko. Utakachowaambia ni juu yako."

Ijumaa mchana Pini alitembea njia ya dakika kumi kwa saa nzima. Mkasi ule mkubwa ulikuwa mkobani, unamgonga pajani kila hatua. Alikuwa na uongo mzuri tayari: fundi alikosea vipimo, samahani sana. Ukisema hivyo unakata, unaondoka, na hakuna atakayejua lolote maisha yote. Alifika kona ya nyumba yao, akarudi nyuma, akafika tena.

Mlingoti alikuwa ameketi kitini barazani, anafunga sanduku la bati kwa kamba. Ile suruali ya kijivu ameivaa.

"Mama hayupo," alisema. "Ametoka kunitafutia kufuli."

"Nimekuja kwako."

Akaacha kamba.

"Nimetumwa kitambaa," Pini alisema. "Ndani ya pindo lako umebaki mkunjo mmoja. Shangazi anautaka."

Mlingoti akainama, akabinya pindo la mguu mmoja kwa vidole, akauhisi unene. "Huu unafanya nini huku ndani? Mbona wenzangu hawana?"

Hapo ndipo uongo ulipotakiwa kutoka. Ulikuwa palepale, nyuma ya meno. Pini akaubana kama alivyozoea kubana pini, akaona haumchomi kitu. Kinachomchoma ni kile kingine.

"Hawana kwa sababu sikuwawekea," alisema. "Nilikuwekea wewe, kitambaa nikakitoa kwenye mifuko yao. Mara tatu, ili urudi mara tatu. Nilitaka kukwambia kwamba nakupenda. Mara ya kwanza nikajaza pini. Mara ya pili nikasema umekua. Mara ya tatu ukaacha kukua, sasa mimi nifanye nini?"

Alisema yote kwa pumzi moja, na mwisho wake ulitoka kama anagomba.

Uso wa Mlingoti ulibadilika rangi mpaka masikioni. Akavuta kamba ya sanduku ambayo tayari ilikuwa imekaza.

"Kwa hiyo ile mifuko..." alisema hatimaye. "Darasani tunaiita mifuko ya vidole viwili. Mimi peke yangu mkono wangu unaingia."

"Ndiyo."

"Walikuwa wananiuliza nimemhonga nani."

Pini akatoa mkasi. "Nyoosha mguu nikate, niende."

Mlingoti akakunja miguu yote miwili chini ya kiti. "Sikatwi. Mwambie shangazi yako bado nakua."

"Hukui. Nimekuangalia wiki tisa."

"Nitakua," alisema, kama mtu anayeahidi kazi.

Pini alirudi mikono mitupu. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba yeye anataka mifuko, si hadithi. Pini akaenda nyumbani, akatoa sketi yake ya shule, ya kijivu ileile, aliyoitunza tangu darasa la saba, akaikata vipande. Suruali kumi na mbili, mifuko ishirini na minne. Alikwenda nyumba kwa nyumba kuzikusanya na kuomba radhi, ya muuguzi ikiwa ya kwanza. Wavulana wengine walimcheka, mmoja akamwimbia. Lakini tangu Ijumaa ile hakuweka tena pini mdomoni. Alizichomeka kifuani mwa gauni, na hivyo ndivyo anavyofanya mpaka leo.

Barua hazikuja. Miezi sita alishona akiwa na sikio moja barabarani, mara nyingine akijiona mjinga, mara nyingine akimwona yeye mjinga.

Likizo ya katikati ya mwaka, mchana, mlango ulipata giza. Mlingoti alisalimia wazee, hakuulizwa kitu, akapanda kwenye stuli mwenyewe. Pini alitazama chini. Pindo lilikuwa palepale juu ya kiatu. Hakuongezeka hata ukucha.

"Fumua," Mlingoti alisema.

"Itafagia njia."

"Ifagie."

Mzee wa pasi akatazama ndani ya pasi yake, iliyokuwa imejaa mkaa mwekundu mpaka juu. Akaiweka chini.

"Nakwenda kutafuta mkaa," alisema.

"Ngoja twende wote," shangazi akasema, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaacha cherehani katikati ya mshono.