Ushuru wa Wageni na Kuku Tisa

Saa mbili na dakika arobaini asubuhi, siku ya Jumatano, gari la kwanza la watalii lilisimama kwenye kizuizi chetu. Nina hakika na saa hiyo kwa sababu niliitazama mkononi na kuiandika kwenye daftari kabla vumbi halijatulia.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Pamba ilikuwa imeanza kununuliwa na watu binafsi wenye mizani zao, na vijiji vilikuwa vimeambiwa vitafute vyanzo vyao vya mapato. Kijiji chetu kiko kando ya barabara ya Bariadi kwenda Lamadi, na mara moja kwa wiki hivi gari la watalii waendao hifadhini lilipita hapo bila kutuachia chochote ila vumbi. Mkutano wa kijiji ukaamua kwamba kila mtalii alipe shilingi mia tano za kuingia, na fedha hizo zinunue mabati ya darasa. Nikachaguliwa karani kwa sababu mbili: nilikuwa nimejifundisha Kiingereza kwa kamusi isiyo na jalada, na nyumba yangu ilikuwa karibu zaidi na barabara.

Nilijiandaa kwa utaratibu. Nilinunua kitabu cha stakabadhi kwa shilingi mia nne. Nilichonga muhuri kwenye soli ya kandambili. Nililaza mlingoti wa mkonge kukatiza barabara na kufunga jiwe upande mmoja, ili uinuke kwa mkono mmoja. Yote niliyoweza kuyafikiria niliyafikiria. Kuku sikuwafikiria.

Kuku walikuwa tisa, na walikuwa wa mke wangu. Binti yetu alikuwa amechaguliwa kwenda kidato cha kwanza shule ya bweni, na baada ya wiki tano alitakiwa kuripoti na sanduku la bati, godoro na mashuka mawili. Bei ya vyote ilikuwa shilingi elfu nane. Kuku mmoja mnadani alikuwa shilingi mia tisa. Hesabu hiyo mke wangu aliifanya bila daftari na ilikuwa sahihi.

Basi gari likasimama. Ndani walikuwa mzee na bibi wa Kizungu, na dereva wao kijana kutoka Arusha. Nilishika kitabu cha stakabadhi, nikafungua mdomo, na mwenyekiti wa kijiji akanishika bega.

"Karani, unataka kufanya nini?"

"Kuwatoza, baba. Ndiyo kazi yetu."

"Hapo hapo barabarani? Mtu hajasalimiwa, hajanywa maji, unamdai? Wakifika kwao watasema Wasukuma ndivyo walivyo?"

Wajumbe wote wanne wa serikali ya kijiji wakaguna kumuunga mkono. Kwetu mgeni haulizwi hata anakokwenda kabla hajala. Nililijua hilo tangu utotoni, lakini nilipoandika kanuni za ushuru sikuliona, kwa kuwa hakuna anayeandika mambo ambayo kila mtu anayajua.

Wageni wakaingizwa uani kwangu na kupewa vigoda. Kila mjumbe akawasalimu kwa zamu, "Mwangaluka", akauliza habari za nyumbani kwao, za watoto na za ng'ombe, nami nikatafsiri. Bibi yule alijibu kwamba ng'ombe hana, ana paka. Wajumbe wakampa pole. Kisha mwenyekiti akamgeukia mke wangu, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Mayu, wageni hawa watakula nini?"

Jibu lilikuwa linadonoa mtama mlangoni.

Walikula wali na kuku. Mzee wa Kizungu alipewa firigisi na kuelezwa heshima yake. Saa tano na dakika kumi nikakata stakabadhi mbili, nikapokea shilingi elfu moja. Walipoinuka mwenyekiti akasema mgeni haondoki mikono mitupu, na kuku wa pili akaingia garini akiwa hai, amefungwa miguu.

Usiku mke wangu aliniuliza jambo moja tu. "Baba watoto, hilo ndilo mnaloliita mapato?"

Nilimwambia kwamba siku ya kwanza haitoshi kupima mradi.

Wiki iliyofuata dereva yule yule alirudi na wageni watatu. Safari hii alifika saa sita kasoro robo. Wakala kuku mmoja, wakaondoka na mmoja. Wiki ya tatu walikuwa wanne, na dereva alipiga honi akiwa bado darajani, ili kuku akamatwe mapema. Ukubwa wa msafara ukalazimu kuku wawili sufuriani. Dereva alikaa karibu na sinia na kuomba pilipili.

"Mama, wali wa leo umezidi ule wa juzi," alimwambia mke wangu.

"Wabeja," alishukuru mke wangu, bila kumtazama.

Wakati wa kuaga, mama mmoja wa Kizungu alinishika mkono, akazungumza kwa furaha kwa muda mrefu kidogo.

"Kasemaje?" aliuliza mwenyekiti.

Mimi sipendi tafsiri pungufu. "Anasema chakula ni kizuri sana. Anasema dola kumi kila mtu, walizomlipa dereva kwa ajili ya chakula hiki, wala si nyingi."

Wajumbe wote wakamgeukia dereva. Dereva aliona kuna jambo kwenye gurudumu, akatoka kwenda kulikagua.

"Ina maana," mwenyekiti alisema taratibu, "kijiji kinatoza mia tano, na huyu anatutoza sisi?"

"Si ninyi, baba," alisema mke wangu. "Ananitoza mimi."

"Lakini, mayu, mgeni tumfanyeje? Tumnyime?"

"Hasha. Lakini nikuulize, baba. Mtu anayepita barabarani bila kusimama, tunawiwa naye chakula?"

Mwenyekiti alifikiri. "Huyo ni mpita njia. Hatuwiwi."

"Na hawa nani anayewasimamisha?"

Sote tukautazama mlingoti wangu.

Hata hivyo kuku wa kuaga alitoka, maana wale walikuwa wameshasimama. Wakabaki wawili: jogoo na tetea mmoja.

Wiki ya nne honi ililia darajani kama kawaida. Nilipofika barabarani na kitabu changu nilimkuta mke wangu ameshika jiwe la mlingoti kwa mikono miwili. Mlingoti ulikuwa juu, umesimama wima.

Dereva akapunguza mwendo, akatoa kichwa dirishani. "Mama, leo hakuna ushuru?"

"Ruksa! Pita, mwanangu!"

"Hata maji ya kunywa?"

"Usisimame! Kanyaga mafuta! Pita!"

Watalii wakadhani wanashangiliwa, wakapunga mikono. Mwenyekiti akawapungia pia, kwa uso wa mtu aliyetuliwa mzigo. Jioni kizuizi kikaondolewa kwa kauli moja, na mlingoti ukaenda kuwa boriti ya darasa.

Nilipoomba kijiji kirudishe gharama, mwenyekiti alinishangaa: chakula cha mgeni hakidaiwi kwa mgeni wala kwa kijiji. Basi tuliwauza jogoo na tetea kwa shilingi elfu moja na mia nane. Saa yangu ya mkononi niliiuza Bariadi kwa elfu sita na mia mbili, na binti yetu akaripoti shuleni siku iliyotakiwa, na sanduku, godoro na mashuka yote mawili. Tangu hapo nilikisia saa kwa kivuli cha nyumba.

Ukurasa wa mwisho wa daftari ninao hadi leo. Makusanyo, watalii tisa: shilingi elfu nne na mia tano. Kuku saba, mchele, mafuta na kitabu cha stakabadhi: elfu nane na hamsini. Hasara: shilingi elfu tatu, mia tano na hamsini.