Msumari Ulio Shingoni mwa Mwana Hiti

Andika, mjukuu wangu. Mama yangu alizaliwa Kinole, baba yangu Kiroka. Majina yao unayajua, usiyaweke hapa. Mimi nilizaliwa kwa watu wa mama, Wajerumani wakiwa wameshajenga boma Morogoro.

Nilipokuwa mwali, nikiwa bado nimewekwa ndani, nilikabidhiwa mwana hiti wa ukoo: mtoto wa mti, hana mikono wala miguu, ambaye kila mwali wa nyumba yetu alimpaka mafuta na kumlea hadi siku ya kutolewa nje. Mama alimlea, na bibi kabla yake. Askari akaja, akaona shingo yake imezibwa kwa nta, akaninyang'anya. Tangu Vita vya Majimaji, kila kitu chetu kilichozibwa kilidhaniwa kina dawa ya vita.

Mama na mjomba wakamfuata hadi hospitali ya askari, mjini. Daktari alikuwa na mashine ya kuonea mifupa. Mama akamweleza waziwazi: dawa hamna, shingo ilivunjika zamani, mjomba akaiunga kwa msumari, akaziba kwa nta. Daktari akacheka.

"Mwambie," mjomba akamwambia mkalimani, "akimaliza kumchungulia mtoto wetu, ajichungulie na yeye kifuani, huenda akakuta kitu."

"Mzee, nikilitafsiri hilo tutachapwa sote."

Picha ikatoka. Msumari ulikuwepo, umepinda, mweupe kabisa. Na chini yake vijia vya wadudu walioubungua mti.

"Dawa iko wapi?" mama akauliza. "Nirudishieni. Mwanangu anangoja."

Mkalimani akatazama chini. "Anasema mlisema kweli, mama. Ila wadudu wamemla, mkikaa naye atakuwa unga. Anampeleka Ulaya akatunzwe."

Hata angekuwa unga, ungekuwa unga wetu! Mama akapewa picha. Akapewa picha, mimi nikatolewa nje na kipande cha mti kibichi ambacho mkono wa mama haukuwahi kukilea. Hasira hiyo sijaiacha, wala sikuombi uniondolee.

Sasa sikiliza. Picha imo sandukuni, imefungwa kwa kaniki. Usimwazime mtu, hata aje na maneno matamu. Wewe umesoma, utafika nisikofika. Ukimkuta mwana hiti wetu kabatini mwao huko Ulaya, watakwambia vya namna hiyo ni vingi, hiki si chenu. Usibishane nao. Waambie wamtie tena katika mashine, uiweke picha hii kando yake, watazame msumari ulivyopinda. Kisha umlete nyumbani.