Baba Yako na Hati ya Kukamatwa

Nakumbuka siku moja ya baba yako, mwanangu Emanueli, na kila nikiikumbuka hasira inanipanda upya. Hajawahi kukusimulia, kwa sababu si mtu wa maneno. Lakini wewe umekosa siku ya kesi yako ya ajali ya pikipiki, hati ya kukukamata imetoka, na sasa umejichimbia Engaresero, kando ya Ziwa Natron, kubeba mizigo ya watalii, ukidhani askari wa Karatu hawaijui njia ya Natron. Basi nitakusimulia mimi shangazi yako.

Baba yako alikuwa kibarua kwenye shamba la kahawa kule Oldeani. Mnyapara akamshitaki kwamba amempiga. Walisukumana tu, lakini kesi ikafunguliwa, akapewa dhamana na tarehe ya kurudi. Kabla tarehe haijafika, kaka yako wa kwanza, mtoto mchanga ambaye wewe hukumkuta, akafariki. Kwetu Wairaqw, miaka ile, aliyefiwa na mtoto alijitenga. Haingii nyumba ya mtu, hali chakula na watu, wala hakai karibu nao mpaka muda wake uishe, asije akawapelekea mkosi.

Siku ya kesi alitembea na majonzi yake mpaka mahakamani, akakaa nje karibu na uzio. Ndani jina lake likaitwa, naye hayumo. Karani alikuwa amemwona pale nje, na hakunyanyua hata mguu kwenda kumwita! Hakimu akatoa hati akamatwe. Mtu yuko pale pale uani, anaandikwa mtoro. Yule karani, Mungu anisamehe, mpaka leo natamani nimzabe kofi.

Jioni ndugu wakaja, wakasimama mbali na nyumba, kila mmoja na ushauri wake. Nenda mbali kule Sale, wakasema, kachunge ng'ombe za watu mpaka wasahau. Baba yako akaanza kufunga blanketi lake. Hapo bibi yako akatoka jikoni amewaka.

"Unakimbia nini? Umeua?"

"Mama, wana hati."

"Na wewe una mdomo! Mjukuu nimeshamzika, wewe sikupotezi. Kesho unaingia mle ndani, na huo mkosi nitaubeba mimi."

Asubuhi tulikwenda naye, mimi na mama, na balozi wetu wa nyumba kumi kama shahidi. Baba yako akaingia. Akasema alikuwepo, akaeleza kwa nini hakuingia, na balozi akathibitisha msiba.

"Kwa nini hukumtuma mtu aje kuniambia?" hakimu akafoka.

Baba yako akasema karani alimwona pale uzioni. Ndipo hakimu akamgeukia karani, akamuuliza kama alimwona mtu huyu nje. Karani akakubali. Hati ikafutwa palepale, na kesi ikapangiwa tarehe nyingine.

Sasa wewe. Unasema siku ile mvua ilikata barabara, gari likakwama. Nakuamini. Lakini hakimu atakuaminije wakati hajakuona? Nimekukasirikia, sikufichi. Baba yako ndiye aliyekudhamini, na ameitwa mahakamani aseme uko wapi. Yule aliyeingia mle ndani na kilio cha mtoto kifuani, leo unamrudisha kwa uoga wako!

Rudi kabla hawajakufuata. Njoo na dereva wa lile gari, aseme mwenyewe yaliyowapata. Nenda kwa hakimu kwa miguu yako, mwambie ukweli wote, umwombe afute hati. Ukipata wakili, vizuri. Ukimkosa, ingia hivyo hivyo na useme. Siku nyingine ukikwama, mtume mtu mahakamani siku hiyo hiyo, usingoje kutafutwa.

Mungu akutangulie njiani, akupe ulimi mnyoofu mbele ya hakimu, akurudishe nyumbani huru. Lakini wahi, mwanangu. Baba yako amekataa kusema ulipo, na keshokutwa wanamweka ndani.